Siku Niliyopanda Pembea Chini ya Wikio

Nawasimulia kwa sababu mmenibana, na kwa sababu wengi walioshuhudia wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na kwa sababu bora mlisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa wajukuu wa watu, wanaolitia chumvi mpaka wengine wanadai nilifika Feri. Sikufika Feri. Niliishia kwa muuza kahawa, na hapo kwa muuza kahawa palinitosha.

Naam, ni kweli. Mimi huyu mnayeniona na tasbihi yangu mkononi, nawakanya mabinti zenu wasicheke kwa sauti barabarani, nilipita Mji wa Kale mchana kweupe juu ya mkokoteni wa hamali, miguu nje, uso nimeufunika gubigubi, na leso yangu moja nimeiacha nyuma ikining'inia hewani. Sina wa kumsingizia. Nililifanya kwa akili zangu timamu (timamu kwa wakati ule).

Ulikuwa wakati wa vita vile vikubwa vya Wazungu, mji umejaa mabaharia na malori, na sisi wa Mji wa Kale tumeamriwa kutundika vitambaa vyeusi madirishani ili mwanga usionekane kutoka baharini. Mnaijua kaskazi ya Mombasa ilivyo. Sasa ichukueni kaskazi hiyo muifungie ndani ya nyumba ya ghorofa, muitilie kitambaa cheusi, halafu muwaweke humo watoto wawili wenye harara mwili mzima. Mdogo, Zuhura, alikuwa na miaka minne, na huyo hakunipa wasiwasi kwa sababu alipiga kelele, na mtoto anayepiga kelele ni mzima. Aliyeniumiza moyo ni kaka yake, Twalib, wa miaka saba. Alikuwa ametoka kwenye surua. Surua iliondoka lakini ikaondoka na mtoto: hali, hatezi, akishuka ngazi hushika ukuta kama mzee, siku nzima amekaa kwenye kizingiti cha jiko anatazama sufuria zisizo na kitu.

Mume wangu, Baba Twalib, karani wa forodhani, mtu mpole lakini mwepesi wa kuandika barua, akamwandikia dada yake wa Malindi. Wifi yangu Saada alikuwa mjane, hana mtoto, ana shamba na nyumba yenye upepo pande zote, na ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki, kwa hivyo neno lake nyumbani kwetu lilikuwa ni amri. Akajibu kwamba atakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi kumchukua Twalib, akae kwake mpaka apate nguvu, "na akipenda asome huku huku." Hayo maneno matatu, asome huku huku, niliyasoma mara ishirini. Mtoto wa kusoma huku huku harudi, jamani. Huja sikukuu na zawadi, anakuita mama kwa adabu kama anavyomwita mama yeyote.

Nikalia, nikagoma kula, nikanuna. Mwisho Baba Twalib akaniambia, "Mama Twalib, mimi sitaki kukuondolea mwana. Lakini yuwafa hapa ndani kwa joto na mato yangu yaona. Tafuta pahala pa yeye kuteza, penye kivuli na upepo. Akirudi kula kabla dada hajafika, nitamwambia dada mwenyewe kwamba mwana abaki."

Tafuta pahala! Mwanamke wa wakati ule, wa nyumba kama yetu, mchana hatoki, akitoka ni baada ya Isha na buibui lake, na baada ya Isha mji ulikuwa giza kama ndani ya mtungi. Sasa kiwanja cha watoto nikitafute kwa kupapasa? Ikabidi nimtume yeye mwenyewe, kila akitoka kazini alasiri, awachukue watoto akajaribu pahala, kisha aniletee habari.

Siku ya kwanza aliwapeleka uwanda wa mbele ya Ngome ya Yesu. Siku hizo Ngome ilikuwa jela, msije mkadhani ni pahala pa kutembea. Kivuli hakuna, mawe yanaunguza nyayo, na walipokaa chini ya ukuta tu askari jela akawapigia kelele kutoka juu waondoke. Siku ya pili wakaenda upande wa Feri, penye upepo kweli, lakini malori ya jeshi yalikuwa yakishuka moja baada ya jingine na Baba Twalib alirudi amewashika watoto mikono kwa nguvu hata alama za vidole zikabaki. Siku ya tatu Tudor. Tudor akaisifu, miti, kivuli, hewa ya mkono wa bahari. Lakini kutoka kwetu mpaka Tudor kwa miguu ni safari, na Twalib alifika amebebwa, akalala chini ya mti alasiri nzima, akarudi amebebwa. Viwanja vingine vyote tuvijuavyo vilikuwa vimepigwa mahema ya askari.

Siku ya nne ndiyo iliyoniletea balaa. Alipita nao kwenye bustani moja iliyokuwa ya watoto wa Kizungu, majani yanamwagiwa maji, miti mikubwa, na pembea mbili za minyororo. Mlangoni pana askari mwenye fimbo. Zuhura akatia vidole kwenye wavu akauliza, "Baba, kwani zile pembea zauma?" Askari yule, maskini, akatazama chini akasema, "Bwana, mimi nimewekwa tu hapa. Waondoe watoto kabla mwenyewe hajapita." Na Baba Twalib akawaondoa. Aliponisimulia alikuwa anavua viatu, na alikaa na kiatu kimoja mkononi muda mrefu.

Lakini Twalib, ambaye kwa wiki mbili hakusema ila "ndiyo" na "la", usiku ule aliniuliza pembea hupandwa vipi.

Basi mimi nikasema moyoni, pembea ni nini? Kamba mbili na ubao. Na kivuli chenye upepo tunacho hapa hapa chini ya miguu yetu. Nyumba yetu na nyumba ya jirani yangu, Bi Rukia, zilikuwa zimeunganishwa kwa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kutoka nyumba hii hadi ile, ili wanawake waendeane bila kutoka nje. Chini ya wikio jua haliingii hata saa sita. Upepo wa baharini hupita hapo kama umetumwa, na juu yako boriti za mkoko nene, zimepangwa tayari, zinangoja kamba. Nikavuka kwa Bi Rukia kumwomba ruhusa, maana nusu ya wikio ilikuwa yake.

"Funga," akasema yule bibi, tena bila kuinua kichwa kwenye ukili aliokuwa anasuka. "Mwana huyo hataki dawa. Ataka wenziwe na ataka kuteza. Lakini njia ni ya watu, mwanangu. Asiumizwe mtu."

Nikampa mchota maji wetu sahani mbili za wali akapanda ngazi akafunga kamba ya makumbi, ubao nikatoa kwenye sanduku la chai. Jumatatu hiyo ikawa tayari. Zuhura akaipanda siku nzima, watoto wa mtaa wakajipanga mstari. Na Twalib? Twalib alisimama mlangoni akasema inatisha. Jumanne vile vile. Nikambembeleza, nikamuahidi visheti, nikamkaripia, Mungu anisamehe. Anatazama tu. Na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni ujinga ulivyoingia. Jumatano baada ya Adhuhuri, wakati mji wote umelala, hata paka wamelala, njia haina mtu, nilisimama mlangoni na Twalib nikamwambia, "Waogopa nini? Mimi nikipanda utapanda?" Akasema, "Wewe hupandi." Hivyo tu, kwa sauti ya mtu mzima anayejua dunia ilivyo. Sijui ni sauti ile, sijui ni joto. Nikatazama huku, nikatazama huku, nikatoka. Buibui sikuvaa (nivae buibui kwenda hatua nne?). Nilikuwa na gauni langu la nyumbani na leso zangu mbili, moja nimejifunga, moja kichwani. Nikakaa ubaoni.

Zuhura akanisukuma. Twalib akacheka. Niliposikia kicheko hicho, cha kwanza tangu surua, nikasema nisukumeni tena, na Twalib mwenyewe akatoka mlangoni akaja akanisukuma kwa vile vikono vyake viwili. Ningeshuka hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nitawaambia ukweli: ilikuwa tamu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sijapanda pembea tangu nilipovunja ungo, upepo unaniingia shingoni, mwanangu anacheka, nikanyosha miguu nikajisukuma mwenyewe, na nikaenda juu.

Ndipo niliposikia ule ukelele wa mahamali wa kutaka wapishwe njia, "Habedari! Habedari!"

Njia yetu huteremka kuelekea baharini, na kule juu kwenye kona palijitokeza mkokoteni wa hamali umejaa mizigo hadi shingoni, unashuka. Nikataka kuruka. Leso niliyojifunga ikanasa kwenye fundo la kamba. Nikaivuta, ikakaza. Muda wa kufanya jambo moja ulikuwepo, na mtu wa nchi nyingine, naamini, angepiga kelele au angeiacha leso akakimbia. Mimi nilifanya tulivyofunzwa sote: nilifunika uso. Leso ya kichwani nikaishusha nikajizungushia mpaka kidevuni, kwa hesabu kwamba miguu haina jina. Hivyo nikawa sioni kitu.

Na hamali, mtu muungwana, alipoona mbele yake mwanamke hana buibui, naye akafanya alivyofunzwa: akageuza uso ukutani. Hivyo naye akawa haoni kitu. Mimi sioni, yeye haoni, mzigo hauzuiliki kwenye mteremko, na pembea inarudi.

Sikuumia. Ubao uligonga mizigo, nami nikatua juu ya godoro lililokunjwa, na chini ya godoro kitu kikapasuka kikanilowesha. Leso ikabaki kwenye kamba, na mkokoteni ukaendelea. Hamali akahisi mzigo umezidi uzito lakini heshima haikumruhusu kugeuka, akawa anazidi kuita tu, "Habedari! Habedari jamani!" na mimi juu yake nimekamata kamba za mizigo, kimya kama godoro lenyewe, nikiomba ardhi ipasuke.

Ardhi haikupasuka. Njia ikafika tambarare na mkokoteni ukasimama, na niliponusa tangawizi nilijua niko wapi. Nilikuwa mbele ya baraza ya muuza kahawa, pale wazee wote wa mtaa hukaa wakingoja Alasiri. Vikombe vilivyokuwa vikigonganishwa vikanyamaza. Nikachungulia kwa upenyo wa leso. Wazee kumi na wawili, wenye vilemba na kofia za kazi ya mkono, wote wamegeuka wanatazama ukuta. Hakuna hata mmoja aliyenitazama, Mungu awarehemu. Ila mmoja mabega yalikuwa yanamtikisika.

Kisha nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti zote, inakuja nyuma inatweta, "We hamali! Mke wa nani huyo juu ya mizigo ya dada yangu?"

Mizigo ya dada yangu! Kumbe wifi Saada alipata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara akaja siku mbili kabla ya wakati, akampitia ndugu yake forodhani, na wao wawili walikuwa nyuma ya mkokoteni. Nikajisemea, nikinyamaza labda atanipeleka polisi, na polisi ni afadhali.

Basi hapo Twalib akatokea. Amekimbia njia nzima. Mtoto aliyeshuka ngazi kwa kushika ukuta amekimbia toka wikioni mpaka kwa muuza kahawa, miguu mitupu, leso yangu amekumbatia kifuani, analia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka kwenye manowari, "Msimchukue! Huyo ni mamangu! Ni mamangu huyo, msimchukue!" Akapanda gurudumu akanirukia.

Hata yule mzee wa mabega akatulia.

Wifi Saada akasogea. Alikuwa mwanamke mrefu, mzito, mwendo wake wa taratibu. Hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto, kifua kinavyopanda na kushuka, mashavu yamepata damu, mikono imenikaba shingoni.

"Huyu ndiye Twalib?" akamuuliza ndugu yake.

"Ndiye, dada."

"Uliyeniandikia kwamba hainuki?"

Baba Twalib akatazama ukuta pamoja na wazee.

Wifi hakuuliza tena. Alilinyanyua buibui lake upande mmoja akaniteremsha akaniingiza ndani yake, kama kuku anavyomwingiza kifaranga, na tukapanda ile njia watu wawili ndani ya buibui moja, tunakanyagana, Twalib kashika pindo. Njiani nilimsikia anatetemeka nikadhani ana hasira. Tulipofika chini ya wikio, akaiona pembea, ndipo nikajua ni kicheko, akakaa kwenye kizingiti akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ukaya wa buibui lake. "Wifi yangu," akasema, "watu hupokea wageni kwa marashi. Weye wanipokea kwa kunikalia maembe."

Jioni ile Twalib alikula wali na samaki, akaomba ukoko. Asubuhi yake alipanda pembea. Baba Twalib hakusema nami siku tatu, na siku ya pili akachukua kisu akakate kamba. Dada yake akamwambia kwa upole, "Ukikata kamba hiyo, nami nakata mguu nyumbani kwako," kisu kikarudi jikoni. Tangu hapo watoto wa mitaa mitatu walikuja chini ya wikio yetu kila siku, Bi Rukia dirishani anawahesabia zamu, na mahamali wakajua kupiga kelele tangu kona ya juu.

Lakini sijawaambia kilichokuwa chini ya maembe hayo. Jioni hiyo hiyo nilijitolea kufungua mizigo nisafishe niliyoyaharibu. Kapu la maembe lilikuwa limesagika, na maji yake yameingia kwenye furushi la chini. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na kanzu tatu za mtoto wa miaka saba, mpya, zimeshonwa kwa mkono, kofia iliyotobolewa vitundu vidogo ambavyo humla mtu miezi, makubadhi madogo, na shuka la kitanda kidogo lenye jina la Twalib pembeni kwa uzi mwekundu. Kwa muda wote ule nilikuwa nikimwona wifi kama mnyang'anyi anayekuja kunipokonya. Nilikaa sakafuni na kanzu zile zenye madoa ya maembe na sikujua niziweke wapi.

Alikaa nasi wiki moja. Neno la kumchukua mtoto halikutajwa, si naye, si nasi. Siku ya kuondoka alimwita Twalib akampa mkono, akamwachia kanzu zote, nimekwisha kuzifua lakini doa la embe haliondoki, mnalijua. Akafunga furushi lake, likawa dogo.

Kuhusu pembea nimekula yamini na yamini hiyo nimeitimiza: tangu siku ile sijapanda kitu chenye kamba wala chenye magurudumu ila gari, na gari nalo baada ya kujitazama mara mbili nimevaa nini. Mama akitaka kumwondolea mtoto woga, na amwondolee ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Hilo ndilo funzo langu kwa wenye akili.

Ila pale mlangoni, wifi amekwisha kushusha ukaya, nilichukua kanzu moja nikamrudishia mkononi. Baba Twalib sikumuuliza. Nikamwambia, "Hii nenda nayo. Kaskazi ijayo joto likishika, nitamleta mwenyewe akae kwako mwezi mzima. Aikute."

Akaikunjua, akaipima kwa shubiri. Kisha akasema, "Atakuwa amekua, wifi. Nitaishusha upindo."